Mvua Iliyolazwa Juu ya Maneno Yangu

Jumatatu, 2 Machi

Mvua ya kwanza ya msimu. Mama alitoa ndoo zote nje kukinga maji, kisha akazirudisha ndani mbiombio kwa sababu jikoni kunavuja.

Jioni tulitazama taarifa ya habari kama kawaida. Msomaji akisema, "Habari za jioni, mtazamaji," Bibi huitikia, "Nzuri, mwanangu." Haitikii kwa mzaha. Akiwa jikoni huacha mwiko na kukimbilia sebuleni, asije akasalimiwa akakaa kimya. Mjomba, kitinda mimba wake, ni mhariri wa picha kwenye kituo hicho hicho, kwa hiyo Bibi anaona televisheni nzima ni ya ukoo.

Mjomba ameniambia siri ya kazi yao. Mtu akiwa anaongea, halafu picha ikahamia kwenye mikono yake au dirishani, ujue hapo maneno yamekatwa na picha imewekwa kuziba kovu. Sasa tunacheza mchezo: kovu likipita, nambana ubavuni. Ananiita Profesa. Katika nyumba hii yeye ndiye mtu ninayeweza kuzungumza naye bila kuhesabu maneno kwanza.

Alhamisi, 5 Machi

Mzee Tochi amefunga maktaba. Ni mlinzi wetu wa shule, na hilo jina alipewa kabla hatujazaliwa. Anasema mbao kubwa ya dari imepinda na maji yanakaa juu yake. Amemwambia mwalimu mkuu, akajibiwa asubiri likizo. Basi ameamua mwenyewe kufunga. Mimi ni kiranja wa maktaba, nikalalamika. Akanijibu, "Mjukuu wangu, hivyo vitabu vimekusubiri miaka yote. Vitasubiri tena."

Binti yake ndiye ninayekaa naye dawati moja. Darasa zima linamwita Binti Tochi, na anakasirika kwa kila mtu isipokuwa mimi.

Jumanne, 10 Machi

Mvua. Hakuna cha maana.

Jumatano, 11 Machi

Nimeoga mara mbili na bado vumbi la dari linatoka masikioni. Nitaandika kwa mpangilio, kama ilivyokuwa.

Asubuhi ilikuwa kavu. Wakaguzi walikuwa wanakuja, na mwalimu mkuu akatutoa darasani tukapange vitabu vionekane. Tulipofika maktaba, Mzee Tochi alikuwa amesimama mbele ya mlango. Alisema mbao imepinda zaidi na asingependa watoto waingie. Mwalimu mkuu hakupandisha hata sauti. Alisema, "Hizo funguo ni za shule, mzee, si za kwako. Fungua." Tulikuwa mstarini, sote tulisikia. Mzee Tochi akafungua, kisha akabaki kizingitini akitazama juu.

Sauti ilikuwa kama ya nguo nzito inayochanwa. Yeye ndiye aliyepiga kelele tutoke, na ndiye aliyetuvuta kwa kola za mashati, mmoja baada ya mwingine. Msichana mmoja hakuwahi, yule mrefu anayetufungia mabao kwenye mpira wa pete. Dari lilimwangukia mguuni. Walimu walimpakia kwenye gari, na alipokuwa anapita alikuwa anauliza kiatu chake kiko wapi.

Gari la televisheni lilifika kabla ya wakaguzi. Mwandishi akawapita wote waliokuwa wananyoosha mikono, akanichagua mimi. Nadhani ni kwa sababu ya vumbi jeupe kichwani mwangu. Mimi, ambaye darasani nikiulizwa swali nalijibia dawati. Lakini nilikuwa nimekasirika kiasi cha kusahau aibu. Akauliza nani alifungua mlango. Nikasema, neno kwa neno: "Mlinzi ndiye aliyefungua mlango. Hakutaka. Mwalimu mkuu alimwamuru, sote tumesikia."

Hapo ndipo matone yalipoanza. Mpiga picha akafunika kamera kwa koti lake na tukakimbilia kwenye baraza ya ofisi. Mvua ilipiga mabati mpaka mwandishi akalazimika kuniinamia. Akauliza, halafu ikawaje? Nikasema, "Tukaingia. Dari likaanguka, na mwenzetu akabaki chini."

Nilirudi nyumbani najivunia. Naandika hilo neno ili nione aibu yake.

Jioni Bibi aliitikia salamu yake. Msomaji akasema mlinzi wa shule moja anadaiwa kuwafungulia wanafunzi jengo lililokuwa limefungwa kwa usalama. Halafu uso wangu ukajaa kioo kizima. "Mlinzi ndiye aliyefungua mlango." Ikaja picha ya vitabu vilivyolowa sakafuni. "Tukaingia. Dari likaanguka, na mwenzetu akabaki chini." Basi. Wakaenda kwenye habari ya bei za mafuta.

Bibi alipiga makofi. Mama akanigeukia na kuuliza, kumbe ni yule mzee? Nikasema hapana, nilisema na mengine. Mama akasema, "Lakini tumekusikia."

Mjomba alirudi amechangamka. "Profesa, nimekuweka hewani leo." Nikamwuliza maneno yangu mengine yako wapi. Akavua viatu, akasema taarifa ni fupi, si riwaya.

Alhamisi, 12 Machi

Mzee Tochi amesimamishwa kazi. Langoni amesimama mtunza bustani, amevaa koti la mvua la Mzee Tochi. Linamfika mapajani.

Binti Tochi amehamisha vitu vyake kwenye dawati la nyuma. Nilimfuata nikaanza kumweleza. Alinisikiliza akiwa anachonga penseli, akasema, "Uso wako ulikuwa umetulia kabisa wakati unasema." Akaendelea kuchonga.

Ijumaa, 13 Machi

Jina langu sasa ni Mubashara. Wananiwekea rula mdomoni kama kipaza sauti: Mubashara, tuambie, nani ameiba chaki? Mubashara, mlinzi amefanya nini tena? Mwalimu wa hesabu naye alicheka, kisha akajifanya anakohoa.

Mwalimu mkuu aliniita ofisini. Alinikaribisha kiti. Akasema nimeonyesha ujasiri na nimeeleza mambo kwa ufupi na kwa heshima. Nikamwambia sikusema hivyo, na yeye anajua ilivyokuwa, kwa sababu alikuwepo mlangoni. Alinitazama kwa upole ambao sitausahau.

"Nchi nzima imekusikia, mwanangu. Usijivunjie heshima."

Sijawahi kumchukia mtu mzima kabla ya leo. Ni kazi inayochosha.

Jumapili, 15 Machi

Nimeichezesha ile taarifa kwenye simu ya Mama mpaka akanipokonya. Kabla hajanipokonya nilikuwa nimeshaisikia.

Mvua inanyesha tangu neno langu la kwanza. "Mlinzi ndiye aliyefungua mlango," na mvua inapiga mabati. Lakini niliposema maneno yale nilikuwa uwanjani, juu kukavu, na hapakuwa na bati lolote karibu yangu.

Vitabu vilivyolowa ni kovu la picha. Mvua ni kovu la sauti. Hili la pili Mjomba hakunifundisha.

Jumatatu, 16 Machi

Nilimngoja mpaka akamaliza kula. Nikamwuliza ile mvua ameitoa wapi.

Kwanza alitabasamu, na hilo ndilo lililoniumiza. Lilikuwa tabasamu la fundi aliyesifiwa. Akasema nina sikio zuri. Nusu ya kwanza ilikuwa kimya na nusu ya pili ina mvua. Ukiziunganisha hivyo hivyo sauti inaruka, mtazamaji anashtuka. Kwa hiyo aliichukua mvua ya nusu ya pili akailaza juu ya yote. Alisema "nikailaza" kama mtu anayetandika shuka.

Nikamwambia Mzee Tochi amesimamishwa kazi. Nikamwomba ile picha nzima, kabla ya kukatwa, niipeleke kwa kamati ya shule. Tabasamu likatoka. Akasema kadi za kamera hufutwa. Juu ya sura yangu sasa kuna mechi ya mpira. Na hata ingekuwepo asingenipa, kwa sababu anakula kwa kazi ile. Mama akaniambia nimwache mdogo wake apumzike. Bibi alikuwa ameinama anatengeneza uzi wa shanga. Akasema televisheni haina sababu ya kumwonea mlinzi, haimjui hata.

Kwa hiyo mwongo ni mimi. Sawa.

Jumatano, 18 Machi

Mvua. Mjomba alinisalimia, Profesa. Sikuitika.

Alhamisi, 19 Machi

Mvua. Sikuitika.

Jumapili, 22 Machi

Mvua kutwa, na ndoo za jikoni zinajaa kabla sijamaliza kurasa mbili za kitabu. Mjomba alipanda juu kuziba paa. Nilimshikia ngazi. Ni jambo gumu kumshikia ngazi mtu unayemchukia: unashika imara na unajichukia na wewe.

Jumanne, 24 Machi

Kamati ya shule ilikaa leo kumjadili Mzee Tochi. Nilikuwa nimemwandikia mwenyekiti barua tatu na kuzichana zote, kwa hiyo asubuhi nilikwenda tu dukani kwake. Anauza saruji na misumari. Nilisema ninachotaka huku nikiitazama misumari. Akasema nije.

Ofisini walikuwepo yeye, wazazi wawili, mwalimu wa jiografia na mwalimu mkuu. Mzee Tochi aliambiwa asubiri kwenye benchi nje, chini ya dirisha. Alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi.

Nilisema yote. Sauti yangu ilikuwa inapotea na kurudi. Nilipomaliza, mwenyekiti alichukua simu yake, akaichezesha taarifa, akaniwekea mezani. Tukamsikiliza sote yule msichana mwenye vumbi kichwani.

"Mwanangu," akasema, "mimi sina ubaya na wewe. Lakini hapa tuna watoto wawili. Kuna wewe wa kwenye televisheni, na kuna wewe uliyekaa hapo. Unataka tumwamini yupi?"

Mzazi mmoja alicheka kidogo. Nilitaka sakafu inimeze. Nikasema, "Msimtazame. Msikilizeni. Sikilizeni mvua."

Nikaeleza: matone yalianza baada ya nusu ya kwanza, na yule wa kwenye televisheni ananyeshewa tangu mwanzo. Mwalimu mkuu akauliza mvua na mlango vinahusiana nini. Mwenyekiti aliinua simu akaiweka sikioni, akaichezesha tena, kisha akamwuliza mwalimu wa jiografia mvua ilianza saa ngapi siku ile. Mwalimu wa jiografia ni mtu mwoga. Alimtazama mwalimu mkuu, akatazama dirishani, akasema yeye alimpakia mtoto kwenye gari akiwa mkavu, akarudi uwanjani akiwa mkavu, akamkuta huyu binti tayari anahojiwa, na yeye pia alikuwa mkavu.

"Mwalimu mkuu," mwenyekiti akasema, "ulimwamuru afungue?"

"Nilimkumbusha wajibu wake."

Nilidhani tumeshinda. Lakini mzazi aliyecheka akasema televisheni ni chombo kikubwa, haiwezi kubishiwa na mtoto wa shule na mvua. Wakakubaliana kwamba Mzee Tochi aendelee kukaa nyumbani mpaka kituo chenyewe kithibitishe kama kuna maneno yaliyokatwa.

Waliyaamini masikio yao, halafu wakaamua kuyaombea ruhusa televisheni.

Nje, nilimpita Mzee Tochi bila kumtazama. Sikuwa na uso.

Jumamosi, 28 Machi

Leo imepasuka.

Tulikuwa mezani wote wanne na mvua inarindima. Nikamwambia Mjomba, mbele ya Bibi, kwamba kamati inangoja neno la kituo chake, na kwamba neno hilo ni lake. Mama akasema, tena? Nikasema tena, na kesho tena.

Mjomba aliweka kijiko chini. Akasema sijui kazi yao. Akasema yeye hakumkatia mtu kwa chuki. Alikata kwa kufuata kanuni. Kanuni ni kwamba mtu akitajwa kwa ubaya ni lazima naye asikike. Nilikuwa nimemtaja mwalimu mkuu. Walimpigia simu, hakupokea; wakapiga tena, hakupokea. Taarifa ilikuwa inakaribia hewani. Kumwacha mwalimu mkuu anatajwa bila kujibu kungekuwa kumwonea. Kwa hiyo alimtoa. Alisema hivyo akiwa amenyooka, kama mtu anayesoma kiapo.

Kilichonishtua ni kwamba alikuwa anasema kweli. Wiki zote hizi nilikuwa nimemfanya mwovu, na sasa nilimwona: mtu safi, mwenye kanuni, aliyemzika Mzee Tochi ili asimwonee mtu mwingine. Nikaona afadhali mwovu.

Nikamwuliza, "Na mlinzi mlimpigia?"

"Profesa, usinichekeshe."

"Alitajwa kwa ubaya. Mlimpigia?"

"Mlinzi hana cheo!" Alipiga kelele, kisha akashusha sauti. "Hana cheo, hana ofisi, hana msemaji. Ningempata wapi?"

Mama aliinuka akaanza kukusanya sahani ambazo bado zilikuwa na chakula. Bibi hakuinuka. Alikuwa anamtazama mwanawe kama anayemtafuta mtu kwenye umati.

"Mimi nilifagia hospitali mpaka mgongo ukapinda," akasema. "Nilikuwa na cheo gani?"

Mjomba akasema, Mama, sikumaanisha hivyo.

"Nimekuuliza cheo gani."

Bibi akaniambia nimpelekee maji ya kunawa.

Jumatatu, 30 Machi

Wamesahihisha. Tulitazama taarifa nzima: siasa, bei, ajali, michezo, hali ya hewa. Baada ya hali ya hewa, muziki wa kufungia ukiwa umeshaanza, msomaji akasema, akikusanya karatasi zake: "Katika taarifa yetu ya awali kuhusu ajali ya shule moja, maelezo ya mwanafunzi yalifupishwa. Tunaomba radhi kwa usumbufu."

Usumbufu. Mzee Tochi hakutajwa. Alipolaumiwa alikuwa habari ya pili; alipotakaswa hakuwemo.

Mjomba alisema ilimbidi aombe kwa wakubwa siku mbili nzima wakubali hata sentensi hiyo, na kwamba amepewa onyo. Alingoja niseme kitu. Nilikwenda kumwaga ndoo.

Alhamisi, 2 Aprili

Mwenyekiti alisema maneno "yalifupishwa" yanamtosha, na kilichofupishwa anaweza kukijaza mwenyewe. Mzee Tochi ameitwa arudi kazini. Mwalimu mkuu amepewa likizo ambayo hakuiomba. Habari hii haikutangazwa popote.

Mzee Tochi alikuja saa ya mapumziko. Hakuja kurudi kazini. Alikuja kuchukua koti lake la mvua. Amepata lindo jingine kwenye ghala, ambako alisema hakuna watoto wala televisheni. Mtunza bustani alilivua akamkabidhi kwa mikono miwili.

Nilimfuata nje ya lango. Nilikuwa nimeandaa hotuba, lakini kilichotoka ni kwamba mimi nilisema yote, nilisema kwamba hakutaka.

"Najua, mjukuu wangu. Nilikuwa nyuma yako. Nilikusikia."

Nikamwuliza kwa nini hakumwambia mtu. Akalikung'uta koti, akalivaa ingawa mvua ilikuwa imekatika.

"Nilimwambia binti yangu, jioni ile ile. Akaniambia, baba, mimi nimeona kwenye televisheni."

Alisema hivyo bila uchungu kwenye sauti, kama anayetaja saa. Kisha akaenda zake.

Ijumaa, 3 Aprili

Binti Tochi amerudi dawatini. Aliweka vitabu vyake upande wake. Alinisogezea penseli iliyochongwa. Sijaitumia. Hasira niliyo nayo kwake si kwa ajili yangu, ni kwa ajili ya baba yake, na hiyo hana penseli ya kuilipia.

Alhamisi, 9 Aprili

Manyunyu. Yule msichana mrefu amerudi na magongo. Bado hajapata kiatu chake.

Jumanne, 14 Aprili

Leo hakuna mvua kabisa. Mama amezianika ndoo jua lizikaushe.

Mjomba alikuwa zamu ya asubuhi, kwa hiyo jioni alikuwa nyumbani. Tangu siku ile ya mezani Bibi alikuwa akishinda jikoni wakati wa taarifa, akisema ana kazi. Leo Mjomba alimwita. Alimwekea mto kwenye kiti chake na kuwasha televisheni mapema, akaketi mkekani karibu na miguu yake, kama ambavyo nadhani aliketi alipokuwa mdogo. Mimi nilikuwa mlangoni na kitabu nisichokisoma.

Muziki ukapiga. Msomaji akainua uso, akatabasamu.

"Habari za jioni, mtazamaji."

Bibi alikuwa anamtazama. Midomo yake ilifunguka kidogo, kwa mazoea, kisha ikafunga. Msomaji alikwishaanza habari ya kwanza. Mjomba hakugeuka, lakini nilimwona mabega yakipanda, akingoja.

Bibi akamgusa begani kwa kidole.

"Mwitikie wewe," akasema. "Ni mwenzako."